Maswali ya Wasomaji: Uchunguzi wa ADHD kwa daktari binafsi na jinsi dozi inavyotafutwa

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu ADHD, yaani ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuongoza umakini wake, utulivu wake au misukumo yake, kwa kiasi kinachoharibu masomo, kazi na mahusiano. Baadhi ya wasomaji wanataka kuchunguzwa kwa gharama zao kwa sababu foleni ya huduma za umma ni ndefu mno. Wengine wamekwisha kuchunguzwa na sasa wanahangaika na dozi. Nimezifupisha barua hizo na kuondoa kila jambo linaloweza kumtambulisha aliyeandika. Majibu yangu hayawezi kuchukua nafasi ya daktari anayekuona ana kwa ana, ila natumaini yatakufanya uingie chumbani kwake ukijua la kuuliza.

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mhasibu. Tangu utotoni nasahau mambo, naanza kazi nyingi bila kuzimaliza, na hukesha usiku wa mwisho ndipo kazi itoke. Shuleni nilifaulu, kwa hiyo hakuna aliyedhani nina tatizo. Hivi karibuni mwanangu amegunduliwa kuwa na ADHD, na karibu kila swali aliloulizwa nililiona linanihusu mimi. Nimepata kliniki mbili za binafsi. Moja inaahidi majibu baada ya mazungumzo ya nusu saa kwa njia ya video. Ya pili inataka nijaze fomu nyingi na nimlete mtu aliyenijua nikiwa mdogo, na bei yake ni kubwa zaidi. Je, tofauti hiyo ina maana yoyote, au nitakuwa nalipia makaratasi?

Jibu: Marahaba. Tofauti hiyo ina maana kubwa, na kama uwezo unaruhusu nakushauri uende kwenye ile ya pili.

ADHD haina kipimo cha damu wala cha mkojo. Inatambuliwa kwa kuyachunguza maisha ya mtu, tangu utoto hadi leo, na kuyalinganisha na vigezo vilivyokubalika. Mwongozo wa DSM-5, uliotolewa na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani mwaka 2013, unaorodhesha dalili 18: 9 za upungufu wa umakini, na 9 za kutotulia na kutenda bila kufikiri. Mtoto anatakiwa awe na dalili zisizopungua 6 katika mojawapo ya makundi hayo. Kuanzia umri wa miaka 17 zinatosha 5. Lakini hesabu hiyo peke yake haitoshi. Dalili kadhaa ziwe zilikuwapo kabla ya umri wa miaka 12, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na kazini, ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, ziwe zinamwathiri mtu kweli, na zisiwe zinaelezeka vizuri zaidi kwa ugonjwa mwingine.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalohitaji muda, na ndilo linaloachwa mazungumzo yanapokuwa ya haraka. Mtu mwenye wasiwasi uliokithiri hukosa umakini. Mwenye sonona pia, na asiyelala vizuri, na mwenye matatizo ya tezi ya shingo, na aliyepitia mambo ya kutisha ambayo bado hayajampoa moyoni, na anayekunywa pombe kila jioni. Kadhia inakuwa ngumu zaidi kwa sababu mtu anaweza kuwa na ADHD pamoja na mojawapo ya hayo, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Daktari atakayekuuliza kuhusu usingizi wako, hedhi yako, dawa unazotumia, moyo wako na mioyo ya ndugu zako wa damu hapotezi muda wako. Anakufanyia kazi uliyomlipia.

Kuhusu kufaulu kwako shuleni, hilo halifuti chochote. Wasichana wengi wenye ADHD hawakimbii darasani wala hawaruki juu ya madawati. Wanakaa kimya huku mawazo yako kwingine, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana sababu ya kumlalamikia mtoto aliyetulia. Swali la maana ni kufaulu huko kulikugharimu nini: usiku ngapi wa kukesha, machozi kiasi gani, ni nani aliyekuwa akikukumbusha kila kitu. Jambo hilo huenda mama yako, shangazi au dada mkubwa analikumbuka kuliko wewe, na ndiyo maana kliniki inataka kuzungumza na mtu wa namna hiyo. Kama ripoti zako za shule bado zipo, zipeleke. Alama hazisemi mengi. Yale maneno mafupi ya mwalimu pembeni, kwamba ana uwezo lakini hana utulivu, ndiyo ushahidi. Na ikiwa hakuna tena aliyekujua utotoni, usikubali kurudishwa mlangoni kwa sababu hiyo: daktari mzuri hufanya kazi na kile kilichopo na kueleza katika ripoti yake kilichokosekana.

Kabla ya kulipa, jaza fomu ya maswali inayoitwa ASRS, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Ina maswali 18, na 6 ya kwanza ndiyo ya mchujo. Matokeo yake hayathibitishi kuwa una ADHD. Yanaonyesha tu kama inafaa kuendelea na uchunguzi kamili. Kisha ipigie kliniki simu. Uliza atakayekuona ni nani hasa, na kama jina lake limo katika daftari la baraza la madaktari au la wanasaikolojia. Uliza kama anaruhusiwa kuandika dawa, kwa kuwa mwanasaikolojia anaweza kukuchunguza vizuri sana lakini katika nchi nyingi hana ruhusa hiyo, na utajikuta unalipa mara ya pili kwa mtu mwingine. Uliza kama bei inahusisha miadi ya kupanga dozi au inaishia kwenye ripoti. Wasomaji wengi hulizwa na jambo hili, kwa maana miadi hiyo inayofuata, pamoja na dawa zenyewe, inaweza kuzidi gharama ya uchunguzi.

Swali moja ningependa uliulize hata kama litaonekana la ukali: wale mnaowaambia kuwa hawana ADHD huwa mnawasaidiaje? Kliniki inayofanya kazi kwa uaminifu ina jibu tayari, kwa sababu watu hao huwapata. Kliniki isiyokuwa na jibu huenda haijawahi kumwambia mtu hapana.

Uchunguzi kwa video si mbaya kwa kuwa ni wa video, na kwa mtu aliye mbali na wataalamu unaweza kuwa njia pekee. Ubaya ni nusu saa. Ila ukifika wakati wa dawa, lazima mtu apime shinikizo la damu, mapigo ya moyo na uzito wako, iwe kwa mfamasia, kwa muuguzi, au nyumbani kwa mashine inayoaminika.

Swali: Daktari, habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na mwalimu wake anasema ana ADHD. Tulikwenda hospitali ya binafsi tukaambiwa apigwe picha ya ubongo na apimwe mawimbi ya umeme wa ubongo ndipo ijulikane. Gharama yake imetushtua. Je, bila vipimo hivyo haiwezekani?

Jibu: Inawezekana, mama, na ndivyo inavyofanyika. Hakuna picha ya ubongo inayoweza kuonyesha kwamba mtoto huyu ana ADHD na yule hana. Tofauti ambazo watafiti wameziona ni za wastani wa makundi makubwa ya watu. Ukichukua picha ya mtoto mmoja huwezi kusoma jibu ndani yake. Kipimo cha mawimbi ya umeme kina kazi yake mahususi: daktari akishuku kifafa, hasa ile aina ambayo mtoto hukatika ghafla kwa sekunde chache, macho yakiwa wazi, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama mwanao ana vipindi vya namna hiyo, kubali kipimo hicho bila kusita. Kama hana, mwombe daktari akueleze anatafuta nini.

Fedha hizo ni bora ziende kwenye mambo ambayo mara nyingi hurukwa. Apimwe macho na masikio. Kama anakoroma kila usiku na kuamka amechoka, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu mtoto asiyelala vizuri huwa hatulii mchana. Kama ugumu wake uko kwenye kusoma na kuandika peke yake, huenda tatizo ni la kujifunza kusoma, na kutotulia kwake ni namna ya kuikimbia kazi inayomshinda.

Mwalimu amefanya vema kusema, ila hawezi kuwa shahidi pekee. Daktari anatakiwa apate fomu mbili, yenu na ya shule, azilinganishe. Zikitofautiana sana, hiyo ni habari muhimu yenyewe: mtoto anayehangaika darasani tu anatuelekeza kuliangalia darasa, na anayehangaika nyumbani tu anatuelekeza kuiangalia nyumba, kwa upole na bila kumlaumu mtu.

Swali: Nina miaka 41. Baada ya uchunguzi wa kina nilianzishiwa methilifenideti, dawa ya ADHD ya kundi la dawa za kuchangamsha, ya aina inayotoka polepole, miligramu 18 asubuhi. Siku za mwanzo nilipata utulivu ambao sikuwahi kuujua maishani, lakini baada ya muda mfupi ukatoweka. Tukapanda hadi 36, na sasa 54. Kwa 54 nafanya kazi nyingi, ila mke wangu anasema nimekuwa mkavu, sicheki na watoto, na jioni nakuwa mkali bila sababu. Daktari wangu anasema tunaweza kufika 72. Nashawishika kukubali ili nirudishe zile siku za mwanzo. Wewe unaonaje?

Jibu: Naona usipande kwanza. Mpelekee daktari wako maneno ya mkeo kama alivyoyasema, kwa sababu huenda ndiyo taarifa muhimu kuliko zote ulizonazo.

Nianze na zile siku za mwanzo, maana naona ndizo unazozifukuza. Methilifenideti huzuia dopamini na noradrenalini, yaani kemikali zinazopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, zisirudishwe haraka ndani ya seli za neva zilikotoka, hivyo zinakaa kwa muda mrefu zaidi pale zinapofanyia kazi. Mtu ambaye ubongo wake umezoea kuishi bila msaada huo huhisi mabadiliko hayo kwa nguvu mara ya kwanza, na wengi hufurahi hadi kulia. Hisia hiyo hupungua. Kupungua kwake hakumaanishi kwamba dawa imeacha kufanya kazi, na anayepandisha dozi ili aihisi tena anaweza kuipita dozi yake bila kujua. Dozi inayofaa huwa haihisiwi sana. Huonekana katika matokeo: barua imejibiwa, mazungumzo yamesikilizwa hadi mwisho, funguo ziko zilipowekwa.

Faida ya dawa hizi haipandi moja kwa moja kadiri dozi inavyoongezwa. Chini ya kiwango fulani hazisaidii. Kwenye kiwango chako zinasaidia. Juu yake umakini hugeuka kuwa kung'ang'ania jambo moja, uso hukauka, furaha hufifia, mtu hufanya kazi nyingi lakini hayupo. Hayo ndiyo aliyoyaona mkeo. Ni dalili inayojulikana ya dozi iliyozidi, na katika kazi yangu huiheshimu kuliko namba yoyote kwenye karatasi, hata kama namba hiyo iko ndani ya mipaka inayoruhusiwa.

Ukali wa jioni ni jambo la pili, na unaweza kuwa na chanzo kingine. Tazama saa. Kidonge chako kimetengenezwa ili sehemu ndogo ya dawa, iliyo kwenye tabaka la nje, itoke mara moja, na iliyobaki isukumwe nje polepole, nguvu yake ikidumu kwa takriban saa 12. Kidonge cha kawaida kisicho na utaratibu huo hudumu saa 3 hadi 4 tu. Ukiwa mkali wakati ule ule kila siku, mwishoni mwa kazi ya dawa, na hali hiyo ikapita baada ya saa moja au mbili, basi ni mshuko wa dawa inapoondoka mwilini. Daktari anaweza kuushughulikia kwa kubadilisha saa ya kumeza, kwa kubadilisha aina ya dawa, au kwa kuongeza dozi ndogo ya muda mfupi alasiri. Lakini ukiwa mkavu na mkali tangu asubuhi, dawa ikiwa katika nguvu zake, sababu inaelekea kuwa wingi wa dozi. Mambo haya mawili mdomoni yanafanana, na tiba zake hazifanani hata kidogo.

Kwa hiyo, ombeni pamoja na mkeo mrudi 36, au aina iliyo katikati kama inapatikana mnakotibiwa, mkae hapo kwa muda unaotosha kuona. Katika muda huo andika. Simaanishi shajara ndefu. Mtu mwenye ADHD akiagizwa shajara ndefu ataiacha. Chagua mambo mawili au matatu unayotaka yabadilike, yanayoweza kuonekana na mtu mwingine, kwa mfano kumaliza ripoti ya wiki, kutomkatiza mtu anapozungumza, kufika kwa wakati. Kila siku andika saa uliyomeza dawa, saa ulipoona imeanza na ilipoisha, alama fupi kwa kila jambo ulilochagua, hamu ya kula, saa ulizolala, na mkeo aweke alama yake bila kuiona yako. Pima shinikizo la damu na mapigo ya moyo ukiwa umetulia, na usibadilishe jambo jingine katikati: anayepandisha dozi wiki ile ile aliyoacha kahawa na kuanza kulala mapema hawezi kujua kilichomsaidia ni kipi.

Labda utajiuliza kwa nini daktari hakupi dozi kwa kilo za mwili wako na mambo yakaisha. Ni kwa sababu kwa dawa za kundi hili uzito hautabiri dozi. Mtu mzima mwenye mwili mkubwa anaweza kuhitaji kidogo kuliko mtoto wake, na hatujui ila kwa kujaribu kutoka chini kwenda juu. Utafiti mkubwa wa MTA uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1999, wenye watoto 579 wenye ADHD, ulilichukulia jambo hili kwa uzito unaostahili: watoto waliopangiwa dawa walipitishwa kwenye dozi mbalimbali kwa siku 28, huku wazazi na walimu wakiandika waliyoyaona bila kujua dozi ya siku ile, ndipo ikachaguliwa iliyomfaa kila mtoto. Baada ya hapo walionwa kila mwezi. Kundi jingine liliachwa kwa madaktari wao wa kawaida, na wengi katika kundi hilo walipata dawa hizo hizo, lakini kwa dozi za chini na kwa miadi michache na mifupi. Hawakupata nafuu kama wale wa kwanza. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni ufuatiliaji.

Na kama hakuna dozi ya methilifenideti inayokupa umakini bila kukuondolea ucheko, usikate tamaa wala usivumilie. Liko kundi la amfetamini, ambalo ndani yake imo lisideksamfetamini, dawa isiyofanya kazi hadi ikatwe na seli nyekundu za damu, na kwa sababu hiyo huingia taratibu na kuondoka taratibu. Kwa kawaida huanza na miligramu 30 na kupandishwa kwa 10 au 20, si mara nyingi kuliko mara moja kwa wiki, bila kuzidi 70. Uchambuzi mpana uliochapishwa katika jarida la The Lancet Psychiatry mwaka 2018 ulionyesha kwamba, kwa muda mfupi, methilifenideti ndiyo inayofaa kutangulizwa kwa watoto na vijana, na amfetamini kwa watu wazima; lakini huo ni wastani, na anayeshindwa na moja mara nyingi hufaa kwa nyingine.

Ukipata maumivu ya kifua, kuzimia, moyo kwenda mbio usipokuwa umefanya kazi, kusikia sauti wasizosikia wengine, kushuku watu kupita kawaida, au uume kusimama kwa uchungu kwa saa nyingi, usingoje miadi. Acha kumeza na utafute matibabu siku hiyo hiyo.

Swali: Mwenzangu wa chuo ana ADHD. Alinipa vidonge vyake kipindi cha mitihani na nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma. Je, si dalili kwamba hata mimi ninayo? Naweza kumweleza hivyo daktari wa binafsi ili aniandikie?

Jibu: Mweleze, kwa sababu anahitaji kujua umemeza nini, lakini asilichukue kama ushahidi. Mwaka 1978 Judith Rapoport, mtafiti wa Marekani wa magonjwa ya akili ya watoto, na wenzake walionyesha kwamba hata wavulana wasiokuwa na tatizo lolote hutulia na kuwa makini zaidi wanapopewa amfetamini. Dawa ikikuongezea umakini imekuonyesha tu kwamba imefanya kazi yake.

Usirudie tena, mwanangu. Mwenzako alipimwa moyo na shinikizo la damu kabla ya kuanzishiwa, wewe hukupimwa. Ukiwa na kasoro ya moyo usiyoijua, au unatumia dawa fulani za sonona ambazo hazitakiwi kukutana nazo hata ndani ya siku 14 tangu ulipoziacha, kidonge kimoja kinaweza kukudhuru vibaya. Naye anakosa dozi zake na kuvunja sheria kwa kukupa. Ukiona kwamba shida ya kusoma imekufuata tangu utotoni, nenda ukachunguzwe kama nilivyomweleza dada yetu wa barua ya kwanza.

Swali: Daktari, nilichunguzwa kwa gharama zangu, dozi ikapatikana baada ya miezi kadhaa, na sasa niko vizuri. Nilidhani daktari wangu wa kawaida angeendelea kuniandikia. Amekataa, akisema hawezi kutia saini kwa uamuzi asioushiriki. Kumlipa mtaalamu kila mwezi kunanimaliza. Nifanye nini?

Jibu: Pole sana. Kupatwa na jambo hili baada ya kazi yote ile kunakatisha tamaa, na ningependa kila anayefikiria uchunguzi wa binafsi alisome kabla ya kulipa, kwa sababu wakati wa kuuliza ni mwanzoni: je, daktari wangu wa kawaida atakubali kuendelea, na kwa masharti gani? Jibu lake liwe kwa maandishi.

Daktari wako si lazima awe mkaidi. Methilifenideti na amfetamini zimo katika orodha ya 2 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na nchi nyingi humtaka anayeziandika azingatie masharti ya ziada, wakati mwingine kwa cheti maalumu cha dawa na kwa kiasi kisichozidi muda fulani. Yeye ndiye atakayeulizwa jambo likienda vibaya. Akipewa ripoti ya kurasa mbili yenye hitimisho bila sababu, kukataa kwake kunaeleweka.

Mpe basi kinachoweza kumtuliza. Mwombe mtaalamu akuandikie barua kamili: vigezo vilivyotimizwa na kwa ushahidi gani, magonjwa mengine yaliyochunguzwa na kuondolewa, kila dozi iliyojaribiwa na sababu ya kuiacha au kuibakiza, vipimo vya shinikizo la damu, mapigo ya moyo na uzito tangu kabla ya kuanza, dozi uliyotulia nayo na tangu lini. Aongeze jambo ambalo barua nyingi hulisahau nalo ndilo lenye uzito: kwamba atakuona tena angalau mara moja kwa mwaka, na kwamba daktari wako anaweza kumpigia simu wakati wowote. Madaktari wengi waliokataa kubeba jambo hili peke yao hukubali kulishiriki. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 kuhusu ADHD, kwa mfano, unataka shinikizo la damu na mapigo ya moyo vipimwe kabla na baada ya kila badiliko la dozi na kila baada ya miezi 6, kazi ambayo kliniki yoyote ya kawaida inaiweza.

Akikataa bado, muulize kama yupo mwenzake anayekubali. Pia mwombe mtaalamu wako atenganishe miadi na vyeti vya dawa, maana mgonjwa aliyetulia kwa miezi mingi hahitaji mashauriano kamili kila mwezi. Usiache dawa ghafla kwa hasira, wala usizipunguze ili zifike mwisho wa mwezi bila kuzungumza na mtu. Na ukisafiri kwenda nchi nyingine, beba dawa katika pakiti yake pamoja na barua hiyo, baada ya kuuliza ubalozi, kwa sababu ziko nchi zinazokataza baadhi yake hata ukiwa na cheti.

Swali: Binti yangu ana miaka 15. Dawa za kuchangamsha zilimnyima usingizi kabisa, tukahamishiwa atomoksetini, dawa ya ADHD isiyo ya kundi hilo. Sasa ni wiki ya pili na hatuoni kitu isipokuwa kichefuchefu. Tuache?

Jibu: Msiache bado, mzazi. Atomoksetini haifanyi kazi siku ile ile kama methilifenideti. Nguvu yake hujengeka polepole, na kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi, ndipo iweze kuhukumiwa. Kwa watoto na vijana wasiozidi kilo 70 dozi yake, tofauti na zile nyingine, huhesabiwa kwa uzito: huanza na takriban miligramu 0.5 kwa kila kilo na kupandishwa hadi takriban 1.2. Yaelekea binti yenu ama yuko kwenye dozi ya kuanzia ama ametoka kwayo juzi tu.

Kichefuchefu hupungua dawa ikimezwa pamoja na chakula, na daktari anaweza kuigawa sehemu mbili, asubuhi na alasiri. Kidonge kisifunguliwe, maana unga wake huwasha macho. Wapo watu ambao ini lao huivunja dawa hii polepole kuliko wengine, hivyo ikiwa madhara ni makali kwa dozi ndogo mwelezeni daktari mapema badala ya kungoja miadi. Kitu cha kuangalia kwa karibu ni moyo wake wa ndani: dawa hii ina onyo kuhusu mawazo ya kujidhuru kwa watoto na vijana, hasa mwanzoni na dozi inapobadilishwa. Muulizeni waziwazi, kila baada ya siku chache, kama ana huzuni isiyo ya kawaida au mawazo ya kutotaka kuishi. Kumuuliza hakumtii mawazo hayo kichwani. Akisema ndiyo, au ngozi na macho yake yakigeuka manjano, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Pasipo hayo, rudini kwa daktari mwishoni mwa wiki ya sita mkiwa na maandishi yenu na ya shule, mkaamue naye.